Euforbia ya mabaka kwenye bustani ya Moshi na Arusha: namna ya kuipanda ikatunza rangi

Kwenye vitalu vya maua vya kando ya barabara, kati ya Moshi na Arusha, kuna mmea ambao watu huununua kwa macho tu. Shina lake ni la kijani na laini, linapinda kushoto kisha kulia kila linapotoa jani. Majani yana kijani katikati na nyeupe pembeni, na ukiliinua moja juani utaona ukingo wake umeshika pinki, nyembamba mno, na mahali pengine pinki hiyo imemwagika hadi ndani ya nyeupe. Kitaalamu ni Euphorbia tithymaloides, ile aina yenye majani ya mabaka. Zamani ilikuwa ikiitwa Pedilanthus, na wapo wauza miche wanaoitambua kwa jina hilo mpaka leo. Hapa nitaiita euforbia ya mabaka. Ni ndugu wa mnyaa tunaouona kwenye maboma na mipaka, ndugu wa lile ua jekundu la Krismasi, na ndugu wa ule mmea wa miiba wenye vimaua vyekundu unaowekwa kwenye vibaraza vingi vya mjini.

Yanayoipata baada ya kufika nyumbani yananiuma. Mtu ameipenda, ameinunua ikiwa na rangi tatu, anaipa samadi na maji kila jioni kwa moyo wote. Masika moja ikipita, nusu ya matawi yamekuwa ya kijani kitupu. Ya pili ikipita, kitako kimeoza. Kwa hiyo mwongozo huu wote umesimama kwenye jambo moja: rangi ya mmea huu huletwa na jua, ubaridi wa usiku, na udongo unaoachwa ukauke. Maji mengi na mbolea nyingi huifukuza. Ukilishika hilo, hatua zilizobaki utaziona zinajieleza zenyewe.

Mmea wenyewe ukoje

Kwao ni Mexico, Amerika ya Kati, kaskazini mwa Amerika Kusini na visiwa vya Karibi. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliupa jina lake la kisayansi mwaka 1753. Mwaka 2012 watafiti wawili, Ivalú Cacho na David Baum, walionyesha kwamba uliizunguka bahari ya Karibi kwa njia mbili: upande mmoja ukapitia Amerika ya Kati, Amerika Kusini na visiwa vidogo, upande wa pili ukapitia rasi ya Yucatán huko Mexico, Florida na visiwa vikubwa, na koo hizo mbili zikaja kukutana Visiwa vya Virgin zikiwa zimeshatofautiana. Huwa nalitaja hilo kwa watu kwa sababu linaeleza tabia yake. Huu ni mmea wa vichaka vikavu na miamba ya pwani, umezoea miezi ya mvua kisha miezi ya kiangazi kikavu. Shina lake lina maji ndani na lina kijani chake, hivyo hata majani yote yakianguka linaendelea kujitengenezea chakula.

Sehemu nyeupe ya jani haina ule ukijani unaotengeneza chakula. Kutokana na hilo yanatokea mambo matatu ambayo mtunza bustani lazima ayajue. La kwanza, mmea wa mabaka una nguvu ndogo kuliko ndugu yake wa kijani, kwa hiyo unahitaji mwanga zaidi ili ujitosheleze. La pili, nyeupe hiyo hiyo ndiyo inayoungua haraka ikipigwa na jua la saa nane mchana. La tatu, tawi la kijani kitupu likichipuka hukua mbio kuliko wenzake na mwisho huumeza mmea mzima. Mabaka hayapiti kwenye mbegu ukayategemea. Hupita kwenye kipande cha shina. Ndiyo maana tunapanda kwa vipandikizi.

Neno kwa wale wanaotazama picha za bustani za Ulaya na Marekani na kutamani euforbia inayoitwa 'Ascot Rainbow'. Hiyo ni chotara iliyopatikana Australia, ya kundi la Euphorbia × martini, fupi, yenye majani membamba ya kijani na manjano yanayoingia wekundu wakati wa baridi. Ni nzuri kweli. Lakini wazazi wake ni mimea ya nchi zenye kipupwe cha kweli, na shina lake huchanua baada ya kupita msimu wa baridi. Kwa bustani zetu ningeiacha hiyo kwenye picha na kushika hii ya Karibi, ambayo hali yetu ya hewa inaiweza na miche yake ipo.

Kabla ya yote: utomvu

Ukikata ncha ya tawi, kabla hujauondoa mkasi tone jeupe limeshatoka. Linavimba, linateleza kwenye pingili, na jingine linafuata. Utomvu huo unawasha ngozi, ukimezwa unachafua tumbo vibaya, na ukiingia jichoni maumivu yake ni makali na unaweza kuumiza kioo cha jicho. Mnyaa una tabia hiyo hiyo, na wazee wengi wanaijua. Shida ni kwamba euforbia ya mabaka ina sura ya upole, haina miiba, na watu huikata mikono mitupu huku wakijifuta jasho usoni.

Vaa glavu za mpira, zile za kuoshea vyombo zinatosha. Vaa miwani, hata ya jua. Shati la mikono mirefu. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, maana maji matupu hayautoi vizuri utomvu ulioganda. Mkasi nao uoshwe. Ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, usitie maziwa wala dawa ya macho uliyoikuta kabatini, kisha nenda hospitali yenye huduma ya macho siku hiyo hiyo. Chukua kipande cha tawi kwenye mfuko ukamwonyeshe daktari ni mmea gani.

Kwa walio na mifugo ya ndani, na huku kwetu ni wengi: matawi yaliyokatwa yasitupwe kwenye hori la ng'ombe wala banda la mbuzi pamoja na majani ya migomba. Yasitupwe pia karibu na bwawa la samaki, wala usioshee vifaa humo. Chimba shimo, fukia. Usiyachome, kwani moshi wake unakera macho na koo. Na kama una watoto wadogo, ipande nyuma ya mimea mingine, mbali na njia wanayokimbilia.

Hatua ya kwanza: mahali

Moshi mjini iko kwenye mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Arusha iko karibu mita 1,400. Tofauti hiyo inabadilisha ushauri.

Arusha, kwenye viwanja vya Njiro, Sakina au Moshono, ipe jua la siku nzima. Usiku wa Juni, Julai na Agosti una ubaridi wa kutosha kuitoa pinki, na jua la mchana haliwi kali kiasi cha kuiunguza mara kwa mara. Kitu cha kukwepa ni upepo wa kiangazi unaopiga kona za nyumba. Unapukutisha majani na kulaza mashina marefu.

Moshi mjini na maeneo ya chini zaidi, Pasua, Majengo, kuelekea Mabogini, ipe jua la asubuhi hadi saa sita au saa saba, halafu kivuli chepesi. Upande wa mashariki wa nyumba ndio mahali pake. Usiipande chini ya ukuta mweupe unaotazama magharibi: Januari na Februari ukuta huo unarudisha joto, na nyeupe ya majani hugeuka kuwa kahawia na kukauka kama karatasi.

Wa mlimani, Kibosho, Machame, Marangu, mna kazi ngumu zaidi. Ukungu ni mwingi, mvua ni nyingi, na udongo haukauki kwa wiki nyingi. Huko ningeipanda kwenye chungu au ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, ikae upenuni ambapo mvua haiifikii lakini jua linaingia. Ardhini itaishi, ila masika itaichosha.

Njia rahisi ya kujua kama mwanga unatosha: tazama urefu kati ya jani na jani. Yakiwa yamekaribiana na shina limepinda vizuri, pako sawa. Yakiachana sana na shina likinyooka na kulegea, mmea unatafuta jua, uhamishe.

Hatua ya pili: udongo na tuta

Hapa ndipo mmea unapookolewa au kupotezwa, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Anza na jaribio. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, kisha jaza tena. Kama baada ya saa mbili au tatu maji ya pili yameondoka, una bahati. Kama asubuhi yake bado kuna maji ndani, usipande hapo bila kuinua tuta. Udongo mwekundu wa miteremko ya Kilimanjaro mara nyingi unapitisha maji ukiwa haujakanyagwa. Ule mweusi wa mbuga, unaonata viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, hauwezi. Mizizi ya euforbia huoza humo kabla masika haijaisha. Na viwanja vipya vilivyojengwa vina tatizo lake: fundi ameacha chini tabaka la saruji, vipande vya tofali na udongo uliokanyagwa na malori. Chimba uone kilichopo kabla ya kulaumu mche.

Tuta liinuke sentimita 20 hadi 30 kutoka usawa wa ardhi. Lizungushie mawe, na mawe huku hatuna shida nayo. Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa tuta ni toroli tatu za udongo wa juu, toroli mbili za changarawe ndogo au moramu iliyochekechwa, na toroli moja ya mboji iliyokwisha kuoza kabisa. Upande wa Arusha vijiwe vyepesi vya volkano vinafanya kazi nzuri kuliko changarawe ya mtoni, kwa kuwa vina matundu yanayoruhusu hewa. Upande wa Moshi kuna maganda ya mpunga kutoka mashine za kukoboa za Mabogini na Chekereni. Yachome yawe meusi lakini yasifikie kuwa majivu, kisha changanya debe moja kwa kila toroli sita. Yanalegeza udongo kwa muda mrefu.

Samadi mbichi ya ng'ombe usiiweke kabisa. Inaunguza mizizi, na ile nguvu yake ya naitrojeni inaleta majani makubwa, laini, ya kijani. Mchanga mwembamba wa ujenzi peke yake nao hausaidii sana, maana kwenye udongo wa mfinyanzi hujaza matundu na kugandamana. Chagua kitu chenye punje kubwa.

Hatua ya tatu: mche au kipandikizi

Ukinunua, kwanza bonyeza kitako cha shina kwa kidole gumba. Kiwe kigumu. Kama kinabonyea au kina weusi, uache hata kama majani yanang'aa. Geuza majani uangalie kwenye makwapa yake kama kuna unga mweupe unaofanana na pamba. Hao ni vidung'ata. Kisha hesabu matawi ya kijani kitupu. Tawi moja si neno, utalikata. Mche ambao zaidi ya nusu umerudi kijani hauna haja ya kuununua kwa bei ya mabaka.

Kama jirani anayo, omba vipandikizi; ndiyo njia ninayoipenda kuliko kununua, kwa sababu unachagua tawi lenye rangi unayoitaka. Kipandikizi kinarithi sura ya tawi kilipotoka. Tawi lenye nyeupe nyingi litakupa mmea wenye nyeupe nyingi, ila dhaifu. Tawi lenye mchanganyiko sawa, kijani katikati na nyeupe pembeni kote, ndilo linalodumu. Tawi jeupe tupu usihangaike nalo, halina cha kujilisha.

Muda mzuri wa kukata ni mwisho wa Agosti hadi Septemba, baridi ikianza kuachia. Vipandikizi vya Juni na Julai hukaa kwenye udongo baridi bila kutoa mizizi na huoza, hasa Arusha. Ukikata Septemba, mche unakuwa tayari kwenda ardhini vuli ikianza, na unapata miezi ya kujishika kabla masika haijafika. Mpangilio huo wa majira ndio siri kubwa ya kuupitisha mwaka wa kwanza.

Kata hivi. Chagua tawi lililokomaa, lenye unene wa penseli au zaidi, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kata chini kidogo ya jicho la tawi, yaani pale jani linapotokea, kwa mkasi mkali. Ule wa kupogolea kahawa ukiwa umeoshwa unafaa sana. Ondoa majani ya nusu ya chini. Chovya mwisho uliokatwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka utomvu uache kutoka, au upake majivu makavu. Halafu vilaze vipandikizi kivulini, penye hewa, juu ya gunia au gazeti, kwa siku 4 hadi 7. Watu wengi huruka sehemu hii kwa haraka ya kupanda. Jeraha lisipokauka na kufanya ngozi, vimelea vya udongo vinaingia moja kwa moja.

Jeraha likishakauka, jaza viriba vyenye mchanganyiko wa changarawe ndogo na maganda ya mpunga yaliyochomwa, nusu kwa nusu, na udongo kidogo. Chomeka kipandikizi kina cha sentimita 5, ukiangalia usikipande kichwa chini, upande mwembamba uelekee juu. Mwagilia mara moja, mpaka maji yatoke chini. Kisha subiri. Weka kwenye mwanga bila jua la moja kwa moja, na mwagilia tena udongo ukikauka kabisa, labda mara moja kwa wiki. Baada ya wiki 4 hadi 6 vuta kidogo: kikikataa, kimeshika mizizi. Majani yakianguka mawili matatu katika kipindi hicho usihofu, mradi shina ni gumu.

Hatua ya nne: kupanda bustanini

Subiri mvua za kwanza za vuli, mwishoni mwa Oktoba au Novemba kutegemea mwaka. Siku chache kabla, anza kuzoesha miche jua: iache juani kwa muda wa saa moja tu asubuhi siku ya kwanza, kisha ongeza kidogo kidogo. Mche uliotoka chini ya nyavu ya kivuli ukiupeleka juani ghafla utaungua hata kama ni mmea wa jua.

Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 40 hadi 50 ukitaka kichaka kimoja kilichojaa. Kwa mstari wa kupamba ukingo wa njia, sentimita 30. Panda kina kile kile ilichokuwa kwenye kiriba. Ukikifukia kitako cha shina unakikaribishia uozo. Kuzunguka shina weka changarawe, sentimita 3 hivi. Usitandaze nyasi wala majani ya migomba karibu na kitako. Matandazo hayo ni mazuri kwa mboga na kahawa, hapa yanashikilia unyevu mahali pasipotakiwa.

Hatua ya tano: maji na mbolea kwa majira

Mwezi wa kwanza baada ya kupanda, kama mvua imekatika, mwagilia kwa kina mara moja kwa wiki. Baada ya hapo kiasi kinafuata kalenda. Desemba hadi Februari, joto na kiangazi, kila siku 10 hadi 14, asubuhi, chini kwenye udongo na siyo juu ya majani. Machi hadi Mei usimwagilie kabisa; kazi yako ni kuhakikisha maji ya bati hayaangukii kwenye tuta. Juni hadi Agosti usimwagilie pia, au mara moja kwa mwezi mmea ukinyauka kweli.

Julai ndiyo mwezi wa majaribu. Majani mengine huanguka, mmea unaonekana mchovu, na mkono unakimbilia bomba. Uache. Umepumzika kwa sababu ya ubaridi, na mizizi iliyolala haiwezi kunywa. Ukibonyeza shina ni gumu na lina kijani, basi uko salama. Majani yaliyobaki juu ndiyo wakati huo yanakuwa na pinki nzito kuliko wakati wowote wa mwaka.

Mbolea: viganja viwili vya mboji kwa kila shina, mara moja kwa mwaka, vuli inapoanza. Basi. Urea usiiguse. Ukiona majani yamekuwa makubwa kuliko ya mwaka jana na nyeupe imepungua, umelisha kupita kiasi au kivuli kimeongezeka. Angalia mti wa jirani umekua kiasi gani.

Hatua ya sita: mkasi unaolinda rangi

Kila ukipita bustanini, tafuta tawi lisilo na nyeupe. Linapoanza huwa dogo, kijani kibichi kizuri, na mtu anaweza kufurahi kwamba mmea umepata afya. Likate. Usilikate katikati; lifuate hadi linapotokea na ukate hapo hapo, na kama limetoka kwenye shina lililoanza kurudi kijani, kata shina lote mpaka ufike mahali penye jani la mabaka. Ukiacha jicho moja la kijani, litachipua tena la kijani. Ukifanya hivi kila mwezi ni kazi ya dakika chache. Ukisubiri mwaka, utakata nusu ya mmea.

Kupogoa kwenyewe ni mwisho wa Agosti, mara moja. Punguza theluthi moja ya urefu, kata juu kidogo ya jicho linaloelekea nje. Chagua siku kavu ili majeraha yakauke. Kila tawi lililokatwa litatoa mawili au matatu, na machipukizi mapya ndiyo yenye rangi kali. Ulivyovikata ndivyo vipandikizi vyako vya mwaka huo.

Ua lake ni dogo, jekundu au pinki, lina umbo la kiatu chenye ncha, na linakaa kwenye ncha ya tawi. Kwao huchavushwa na ndege wadogo wavumao wanaofyonza asali ya maua. Ukitaka maua zaidi, acha matawi kadhaa bila kuyapogoa. Lakini mimi rangi ya majani ndiyo ninayoifuata, hivyo sisiti kukata.

Wadudu na magonjwa

Vidung'ata ndio wasumbufu wakuu, na mara nyingi sisimizi ndio wanaokuja nao. Wakiwa wachache, wafute kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni. Wakiwa wengi, pulizia maji ya sabuni jioni, rudia baada ya wiki, na zuia njia ya sisimizi. Utitiri hutokea Januari na Februari kwenye vumbi na joto: majani yanakuwa na vidoa vya kijivu. Yapige maji kwa nguvu asubuhi, hasa upande wa chini. Ubwiri unga, ule unga mweupe juu ya jani, huja wakati wa ukungu. Ondoa majani hayo na upunguze msongamano ili hewa ipite.

Kitako kikiwa cheusi na laini, usipoteze dawa. Kata juu ya uozo mpaka uone ndani ya shina ni nyeupe safi bila duara la kahawia, kausha kwa wiki nzima, panda upya mahali pengine.

Majirani wa kuipanda nayo

Rangi hizi zinatulia zikiwa mbele ya kijani kizito. Safu ya isale nyuma yake inapendeza sana, na wengi wetu tunayo tayari kwenye mpaka. Hakikisha tu isale halijawa refu hadi kuizibia jua. Mshubiri na ile mimea ya jamii ya mkonge yenye majani yaliyosimama inakubaliana nayo kwa maji na udongo. Ukitaka wekundu, weka mnyaa wenye ncha za rangi ya moto, lakini tahadhari ya utomvu inaongezeka mara mbili. Usiichanganye na migomba, magimbi wala maua yanayotaka maji kila siku. Mmoja wao lazima ataumia.

Mmea ukizeeka

Baada ya miaka minne au mitano mashina huwa marefu, tupu chini, na majani yamebaki juu tu. Septemba kata yote yabaki sentimita 20 kutoka ardhini. Mengi yatachipua, ila chunguza kila chipukizi, kwa sababu machipukizi ya kitako huwa na tabia ya kurudi kijani. Yale yasiyoleta mabaka yang'oe na nafasi zao ujaze kwa vipandikizi kutoka kwenye ncha ulizokata. Na kabla hujapanda kizazi kipya, ondoa udongo wa juu wa tuta, sentimita 10 hivi, uweke mchanganyiko mpya wenye changarawe: mboji ya miaka ile imeshalainika kabisa na inashika maji kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza.